Cheki za kuprinti nyumbani: Ohio sawa, Chumbageni je?

Mtoto wa ami yangu anaishi Ohio, juzi kamtumia baba yake picha ya cheki ya kodi ya nyumba aliyoiprinti mwenyewe sebuleni kwake. Siyo kujaza jina tu, cheki nzima, jina la benki juu, namba za akaunti chini, vyote vimetoka kwenye printa. Sasa ami ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Chumbageni, Tanga, wasambazaji wa nondo na bati anawalipa kwa cheki, basi tangu aione ile picha hatupumziki. "Mwanangu, niwekee na mimi hiyo programu, mbona kitabu cha cheki benki wanakikata hela na bado unakisubiri?" Mi ndo namshikia hesabu za duka kwa hiyo mzigo ukaniangukia.

Kwanza tumtendee haki huyo kijana, kule siyo ujanja ujanja. Programu kama Quicken na QuickBooks zinafanya hiyo kazi miaka mingi, kampuni ya Intuit iliyozianzisha ni ya 1983 na kuprinti cheki ilikuwa kwenye Quicken tangu mwanzo mwanzo. Unaandika mlipwaji na kiasi mara moja tu, programu yenyewe inakata kwenye salio, inageuza tarakimu kuwa maneno, inatoa karatasi na kipande cha kumbukumbu. Karatasi zenyewe zinauzwa zikiwa tupu, zina maandishi yaliyofichwa ambayo ukizitoa kopi yanajitokeza kuonyesha kwamba hii siyo halali. Ule mstari wa chini wenye tarakimu za ajabu ajabu (muundo wa tarakimu hizo unaitwa E-13B) ndo unabeba namba ya benki (tarakimu 9 kwa Marekani), ya akaunti na ya cheki, na ulitakiwa uwe wa wino wa sumaku kwa sababu mashine za benki zilikuwa zinausoma kwa sumaku. Halafu Oktoba 2004 ikaanza kazi sheria yao inayoitwa Check 21, nakala iliyoprintiwa kutoka kwenye picha ya cheki ikakubalika badala ya karatasi yenyewe, tangu hapo hata ya tona ya kawaida mara nyingi inapita, japo benki bado inaweza kuikataa.

Kwa hiyo kwa mtu wa kule faida ipo kabisa. Mwenye akaunti mbili tatu anatumia karatasi zilezile kwa zote, na mwizi akiiba bunda la karatasi tupu kaiba karatasi tu, tofauti na kitabu cha benki ambacho kila ukurasa una namba yako tayari. Ila geuza upande wa pili, hiyohiyo karatasi tupu mwenye nia mbaya anaweza kuiwekea namba ya mtu yeyote, na namba ya akaunti yako iko kwenye kila cheki uliyowahi kumpa mtu! Kuna na suala la wino, printa nyingi za wino wa maji maandishi yake yanaoshwa kwa kemikali, jina likabadilishwa, sahihi ikabaki yako. Tona ya leza ni afadhali kidogo maana inayeyushwa juu ya karatasi kwa moto, nayo isipoiva vizuri inabanduka.

Tukirudi Tanga, hapo ndo mjadala unakuwa mfupi. Kwetu kitabu unakiomba benki, kinakuja na namba zake, ukipeleka karatasi uliyoitengeneza mwenyewe steshenari ya Ngamiani keshia hatafika hata kwenye sahihi, anamwita meneja wake na wewe unaanza kujieleza. Kwa hiyo cheki nzima ya nyumbani, hapana, nilimwambia ami waziwazi na akanuna.

Kilichobaki ni nusu ya ile kitu, yaani programu ijaze karatasi ya benki yenyewe. Hii inawezekana na mimi nimeifanya. Raha yake ni kwamba kiasi kwa maneno na kwa tarakimu havigongani (hilo kosa linarudisha cheki nyingi sana jamani), mwandiko wa ami ambao hata mkewe hausomi unaondoka, na kila cheki inaingia kwenye daftari la hesabu palepale, mwisho wa mwezi unaoanisha na statimenti bila kutafuta vishina. Karaha yake ni printa. Karatasi ya cheki ni ndogo, trei ni ya A4, inaingia upande upande, jina linapanda juu ya mstari na kiasi kinatoka nje ya kisanduku. Dawa ni kuprinti kwanza kwenye karatasi ya kawaida, unaiweka juu ya cheki, unaziinua zote dirishani kwenye jua uone kama vinakaa, unasogeza vipimo, unarudia, na umeme ukikatika katikati ya kazi ile karatasi ya benki imeharibika, inabidi uipige mistari na kuitunza isije ikaonekana imeibiwa.

Na bado hatujauliza swali kubwa, cheki yenyewe ya nini? Benki Kuu ina TISS, mfumo wa kuhamisha hela papo hapo kutoka benki moja kwenda nyingine, tangu 2004, M-Pesa iliingia nchini 2008, siku hizi msambazaji wa saruji anataka meseji ya hela imeingia ndo apakie gari. Ami anasema cheki inampa ushahidi na inampa siku mbili tatu za kupumua. Ushahidi sawa, ila hizo siku za kupumua ndo zinazozaa cheki za kubaunsi, na programu haijazi akaunti.

Pale ninapoitetea ni kwenye sahihi mbili. Shule, msikiti, SACCOS, hawa cheki zao zinasainiwa na watu wawili na mweka hazina hawezi kutoa hela peke yake usiku kwa simu yenye namba ya siri moja. Kuna benki zina huduma ya mtandaoni ya kuidhinisha watu wawili, lakini muweke mwenyekiti wa miaka sabini mbele ya kompyuta uone. Kwa kundi kama hilo lenye malipo mengi kwa mpigo, programu ijaze, wazee wasaini kwa kalamu, kumbukumbu ibaki. Sahihi ya kuskani msiiweke kwenye programu hata mkibembelezwa, mtakuwa mmeua ile sababu nzima ya kuwa wawili.

Ami cheki zake kwa mwezi hazijazi kiganja. Nimemtengenezea daftari kwenye Excel, anaandika cheki kwa mkono mimi naingiza jioni, na printa aliyokuwa ameshaanza kuiulizia bei nimemwambia anunue kwa ajili ya profoma za wateja.