Embe la popo

Msimu wa maembe ukifika Pemba, lawama ni zile zile: popo wametumaliza. Mimi nawatetea, na miembe ninayo.

Mtazame anavyokula. Popo huyu mkubwa wa Pemba hatafuti njia kwa mwangwi kama wale wadogo wa darini. Hutegemea macho na pua, hivyo hufuata tunda lililokwisha kuiva. Hulitafuna, hufyonza maji yake na kutema makapi. Sisi maembe ya biashara tunayaangua yangali magumu, maana yana safari ya boti mbele yao. Kwa hiyo anayokula zaidi ni yale ya kileleni, ambayo hakuna kijana anayeyapandia. Kwenye shelisheli hasara ipo, siikatai. Lakini usiku huo huo huruka mbali, akaziangusha njiani mbegu za mikuyu alizozimeza, mahali ambapo hakuna mtu angekwenda kupanda.

Na haishi popote duniani ila kisiwa hiki. Mabawa yake yakitandazwa hufika kiasi cha mita 1.6, lakini jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Ndiyo maana uwindaji na ukataji wa misitu vilimpunguza upesi, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 ikahofiwa atatoweka kabisa. Waliomwokoa ni wanavijiji, kama wale wa Kidike waliolinda miti anayolala. Makadirio ya baadaye yakapita popo 20,000. Hilo Wapemba tulifanya, na sisikii tukijivunia vya kutosha.

Sasa kinachonitia wasiwasi ni miti. Mchana popo huning'inia kwa mamia pamoja, na mara nyingi ni kwenye miti ya makaburini, ambayo wazee walikataa isiguswe. Heshima ya maiti ikawahifadhi na wao. Siku hizi mbao zina bei, na warithi wengi hawakai tena kijijini. Mti uliowalaza popo tangu enzi za mababu huanguka asubuhi moja, pengine majike wamebeba watoto kifuani.

Miti hiyo haihitaji mtaalamu kuitambua. Harufu na makelele ya popo humwongoza hata mtoto anayetoka chuoni. Tuiorodheshe shehia kwa shehia, na anayetaka kukata akae kwanza na wenziwe wazungumze, kabla fundi wa msumeno hajalipwa.