Betri ya gari moja Oslo, petroli ya boda moja Nairobi

"Kaka, nyinyi huko mnasifiwa kwa magari ya stima. Na mafuta mnayochimba baharini, nani anayachoma?"

Mdogo wangu aliniuliza hivyo kwa simu. Yeye alikuwa kwenye steji Nairobi akisubiri abiria. Mimi nilikuwa Oslo, mji mkuu wa Norway, kwenye mapumziko ya zamu, nimeketi ndani ya basi la umeme ninaloliendesha siku tano kwa wiki. Nilibabaika, nikamwambia tutaongea jioni. Swali hilo halijanitoka kichwani tangu siku ile. Na kwa kuwa kila nikishika simu nakuta Wakenya wenzangu wakibishana kuhusu magari haya, wengine wakiyaita wokovu wa dunia na wengine wakiyaita ulaghai wa Wazungu, nimeona niandike ninavyolitazama jambo hili kutoka nchi zote mbili ninazozijua.

Nianze na mafuta, maana mdogo wangu ana haki ya kuuliza. Norway huuza nje karibu mafuta na gesi yake yote, na kwa kanuni za kimataifa moshi huandikwa kwa nchi inayochoma, si kwa nchi iliyochimba. Fedha hizo ndizo zilizojaza mfuko mkubwa wa akiba wa taifa, na nchi yenye akiba kama hiyo haioni ugumu kusamehe kodi za magari. Hilo linaniuma, na sitalitetea. Lakini mafuta hununuliwa kwa sababu kuna injini zinazoyataka. Injini zikipungua, mnunuzi anapungua. Kwa hiyo swali la injini bado liko palepale: gari la umeme linapunguza kaboni kweli (yaani kaboni dioksidi, hewa inayoipasha dunia joto), au linauhamisha moshi tu kutoka ekzosi hadi bomba la mtambo wa umeme?

Injini ya petroli hupoteza nguvu nyingi kama joto. Katika kila lita nne unazotia, ni kama lita moja tu inayozungusha magurudumu. Mota ya umeme hufikisha zaidi ya robo tatu. Gari la kawaida la umeme hutumia kama yuniti 18 (yuniti ni kilowati-saa moja) kwa kilomita 100. Tuchukulie yuniti hizo zote zimetoka kwenye makaa ya mawe, ambapo yuniti moja hubeba karibu kilo moja ya kaboni: hapo una kilo 18. Gari la petroli linalokunywa lita 7 kwa safari hiyohiyo hutoa kilo 16 kwenye ekzosi, kwa kuwa lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3. Ongeza uchimbaji, usafishaji na meli, unakaribia kilo 20. Ni sare. Anayesema gari la umeme ni gari la makaa anasema kweli pale ambapo makaa ndiyo umeme wote. Lakini hata China, ambako makaa bado yanazalisha karibu asilimia 60 ya umeme, gari la umeme hutoka na kaboni ndogo kuliko la petroli ukihesabu maisha yake yote, kiwandani hadi jalalani.

Sasa angalia nchi zangu mbili. Norway hupata karibu asilimia 90 ya umeme wake kutoka kwenye maji, na uliobaki mwingi ni upepo. Watu hapa hushangaa nikiwaambia kwamba Kenya haiko mbali nao. Sisi pia, yuniti tisa katika kila kumi hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana, upepo wa Turkana na jua. Ule mradi wa Turkana pekee una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Na mwaka 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa uliokusudiwa Lamu. Wakazi wa Lamu waliopigania kesi ile walifanya jambo ambalo naamini hatujawashukuru vya kutosha. Makaa yale yangewashwa, sehemu ya umeme wa kila boda Kenya ingekuwa inatoka kwenye moshi.

Kwa hiyo umeme wa nchi zote mbili ni safi. Tofauti iko kwenye kinachoendeshwa.

Wanorway walianza zamani. Mwaka 1989 mwimbaji Morten Harket na mwanamazingira Frederic Hauge walileta Fiat Panda iliyogeuzwa kuwa ya umeme, wakawa wanapita kwenye vituo vya ushuru wa barabara bila kulipa. Gari likakamatwa, likapigwa mnada, na gumzo likaenea nchi nzima. Baadaye serikali ikaanza kuondoa kodi moja baada ya nyingine, na mwaka 2001 ikaondoa ile kodi ya ongezeko la thamani. Magari hayo yakaruhusiwa kupita kwenye njia za mabasi. Mwaka 2024, karibu magari 9 katika kila magari mapya 10 yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, na mwezi Septemba mwaka huohuo magari ya umeme yaliyosajiliwa yakazidi ya petroli. Ya dizeli yalikuwa bado yanaongoza. Fikiria hapo: zaidi ya miaka 20 ya misamaha, katika nchi tajiri yenye watu milioni tano na nusu, na dizeli bado ilikuwa mbele. Gari halifi haraka. Atakayenunua dizeli leo atakuwa nayo miaka kumi na zaidi.

Na hao wanaonunua ya umeme huyaendesha kiasi gani? Gari la kawaida la mtu binafsi hapa Norway hutembea kama kilomita 11,000 kwa mwaka. Muda mwingi limesimama. Naliona kila siku kutoka kwenye usukani wangu: safu ya magari makubwa mazuri yameegeshwa asubuhi, nikirudi mchana yako palepale, kila moja na betri ya yuniti 60 au 70 tumboni.

Usiku ule baada ya simu nilichukua kalamu. Hesabu yangu ni ya kukadiria, lakini mtu yeyote anaweza kuirudia. Gari la petroli la kilomita 11,000, likinywa lita 6.5 kwa kilomita 100, linachoma lita 715 kwa mwaka. Hiyo ni tani 1.6 za kaboni. Ukilibadilisha kwa gari la umeme, ndizo tani ulizookoa kwenye ekzosi. Halafu nikamchukua mdogo wangu. Hutembea kilomita 100 kwa siku, wakati mwingine zaidi, na huweka lita mbili unusu. Tuseme anafanya kazi siku 300 kwa mwaka: lita 750. Tani 1.7.

Niliirudia mara tatu. Boda moja ya kazi inachoma petroli sawa na gari zima la familia hapa Oslo, tena inaizidi kidogo. Lakini ili kuiokoa petroli ya gari hilo unahitaji betri ya yuniti 65. Ili kuiokoa ya boda, betri ya yuniti tatu inatosha. Betri ya gari moja ukiigawa inatosha boda zaidi ya ishirini. Hata ukihesabu betri mbili kwa kila boda, moja iko kwenye pikipiki na nyingine inachajiwa kituoni, bado ni boda kumi.

Na betri ndiyo penye gharama ya kaboni. Kutengeneza kila yuniti ya betri hutoa kati ya kilo 60 na 100, kutegemea umeme wa kiwanda. Betri ya gari huzaliwa na deni la tani nne hadi sita na nusu, na mwenye gari asiyetembea sana atachukua miaka miwili na nusu hadi minne kulilipa. Boda ya mdogo wangu, hata kwa betri mbili, ingelimaliza deni lake kwa miezi mitatu au minne hivi. Ongezea madini. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, zaidi ya asilimia 70, huchimbwa Kongo, na tunajua watu wanachimba katika hali gani. Betri nyingi za siku hizi zimeacha kobalti, jambo zuri, lakini hata hizo ni madini yaliyotolewa ardhini kwa gharama. Ukiyafungia kwenye gari linalolala saa 23 kwa siku, naona ni ubadhirifu.

Ndiyo maana sipendi mjadala wa "yanafaa au hayafai". Chombo cha umeme kipimwe kwa petroli inayobaki bila kuchomwa kwa kila yuniti ya betri. Kwa kipimo hicho basi langu linashinda, maana liko barabarani tangu alfajiri hadi usiku likiwa na watu. Boda inashinda. Matatu ingeshinda. Gari la pili la familia tajiri linakuja mwisho kabisa, nalo ndilo lililopewa msamaha mkubwa.

Siwafichi kwamba kazi yangu ina siku mbaya. Baridi kali ya Januari 2024 ilitutesa. Betri ilikuwa inashuka mbele ya macho yangu, kwa sababu nguvu nyingine inapasha joto abiria, na tulilazimika kurudisha mabasi kabla ya zamu kuisha. Watu waliachwa vituoni kwenye theluji, wakatukasirikia kwa haki. Nairobi haina baridi hiyo. Kwa hali ya hewa, nchi yetu inaifaa betri kuliko hii ninayoishi.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni magari makuukuu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako hapohapo Nairobi, lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na asilimia 40 yalikuja Afrika. Mtu wa Ulaya akinunua la umeme na lake la zamani likapandishwa meli, kaboni haijapungua, imehama. Magari ya Norway hayafiki kwetu kwa sababu usukani uko kushoto. Yetu hutoka Japani kwa wingi, na sheria yetu inakubali yasiyozidi umri wa miaka minane. Basi magari yatakayoshushwa bandari ya Mombasa miaka minane ijayo yanauzwa sasa hivi Japani, na Japani mwaka 2024 hata asilimia 3 ya magari mapya hayakuwa ya umeme kamili. Tukingoja mtumba utuletee mabadiliko, tutangoja sana. Boda ni tofauti: inaunganishwa hapo nyumbani, ikiwa mpya, na tunaweza kuamua wenyewe.

Hapo napo pana mtego. Kenya ina mvuke mwingi usiku wakati watu wamelala, lakini jioni, taa na majiko yakiwashwa, mitambo ya kuchoma mafuta huwashwa kusaidia. Boda zikichajiwa saa mbili usiku, zinaongeza mafuta yanayochomwa. Zikichajiwa saa nane usiku, ni kwa mvuke wa Olkaria ambao vinginevyo ungeachiwa upotee hewani. Tangu 2023 kuna bei maalum ya stima ya kuchaji, na saa za usiku wa manane ni nafuu zaidi. Vituo vya kubadilisha betri vinaweza kufaidika na hilo, maana betri zinaweza kujazwa alfajiri na zikasubiri wateja. Ningekuwa na sauti serikalini, hapo ndipo ningepiga kelele zaidi kuliko kwenye msamaha wa gari la kifahari.

Kwa dunia nzima, mwaka 2024 yaliuzwa magari ya umeme zaidi ya milioni 17, ukihesabu na yale ya kuchaji yenye injini ya petroli pia, zaidi ya moja ya tano ya magari mapya yote, na China pekee ilichukua zaidi ya milioni 11. Vyombo vya umeme vilivyoko barabarani vinaiepusha dunia na mapipa zaidi ya milioni moja ya mafuta kila siku. Ni kitu. Lakini dunia hutumia mapipa zaidi ya milioni 100 kwa siku, na magari madogo ya abiria kwa jumla hutoa kama moja ya kumi tu ya kaboni itokanayo na nishati. Saruji, chuma na mitambo ya makaa haiguswi na gari lolote. Kwa hiyo yanapunguza, ndiyo, na yatapunguza zaidi kadiri umeme unavyosafishwa, lakini anayenunua moja na kuona ameshamaliza wajibu wake anajidanganya. Mnorway wa kawaida bado hutoa kama tani saba za kaboni kwa mwaka. Mkenya hafikishi hata nusu tani.

Nilimpigia mdogo wangu nikamsomea hesabu yote. Alinyamaza, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe ameshaanza kuulizia boda ya stima, si kwa sababu ya kaboni, ila kwa sababu ya zile lita mbili unusu za kila siku. Nilifurahi mno. Nikamuuliza hii ya petroli ataipeleka wapi. Akaniambia mnunuzi ameshapatikana, kijana mmoja anayeanza kazi, anaichukua mwisho wa mwezi.