Nilivyozamisha Matatu Jogoo Road

Kuna konda mmoja wa njia ya Umoja, hapa Nairobi, anayeniita Petro. Mimi si Petro. Nilibatizwa Boniface, na hata kwenye kipaimara sikuongeza jina la mvuvi yeyote. Lakini jina limeshika, na nikikumbuka nilivyolipata, naona heri nimwitikie tu.

Mambo yalianza Kwaresima, kwenye mafungo ya jumuiya yetu ndogo ndogo. Sista aliyetuongoza alisema njia za kusali ndani ya Kanisa ni kama viatu pale soko la Gikomba: vipo tele, ila usiondoke na jozi kabla ya kuijaribu. Akataja mashirika ya watawa: Wabenedikto, Wafransisko, Wakarmeli, Wadominiko na Wajesuiti. Wenzangu waliandika kwenye daftari, wakaenda kunywa chai. Mimi nikaanza kujaribu viatu.

Nilianza na Mtakatifu Benedikto kwa sababu napenda ratiba. Kanuni yake inataka zaburi zote 150 ziishe kwa wiki moja, na watawa waamke kusali kabla hakujapambazuka. Nikatega simu saa kumi alfajiri. Sasa, monasteri ina kuta za mawe. Ploti yetu, ukipiga chafya, jirani anakuambia pole. Siku ya kwanza nilisimama katikati ya nyumba, nikapaza sauti: "Ee Bwana, uifumbue midomo yangu!"

Ukuta ukagongwa mara tatu.

"Na uifumbe pia!" akajibu jirani, ambaye ndio kwanza alikuwa ametoka zamu ya usiku.

Nilivumilia mpaka siku ya nne, mke wangu aliponiuliza kwa upole kama huyo Benedikto alikuwa na mke. Wenye ndoa mnajua hilo halikuwa swali.

Nikahamia kwa Teresia wa Avila, Mkarmeli. Yeye anaifananisha sala na kumwagilia bustani, na anasema maji hupatikana kwa njia nne: kuyachota kisimani kwa ndoo, kuyavuta kwa gurudumu, kuyapata kwenye kijito, au Mungu mwenyewe anyeshe mvua. Nilipofika hapo nilitabasamu, maana kwetu kuna njia ya tano, mitungi ya lita 20 kwenye mkokoteni, na hiyo nadhani ingemtoa machozi hata yeye. Jumamosi moja nikaachiwa nyumba na ndoo, nikakaa kitini, nikafumba macho, nikatulia mbele za Mungu. Nilitulia vizuri sana. Nilipozinduka, mfereji ulikuwa umetoa maji na kukauka, na ndoo sita zinanitazama midomo wazi. Wiki nzima tuliishi kwa mkokoteni, na jina la Teresia likawa halitajwi nyumbani.

Kwa Fransisko sikukaa. Yeye alihubiria ndege, na mimi nikawaendea wale korongo wakubwa wenye upara wanaokaa juu ya miti karibu na uwanja wa Nyayo. Jibu lao nililipeleka kwa dobi.

Ndipo nikamkuta Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, nikasema huyu ni wangu. Alikuwa mtu wa vita. Mwaka 1521, kule Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa, zikakosekana, akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Basi akawa analala pale anaota ndoto za mchana, mara za upanga na mabibi wa kifalme, mara za kuishi kama watakatifu. Taratibu akagundua kwamba zile za kwanza zilimwacha mkavu, na hizi nyingine zilimwacha na furaha isiyoondoka. Mtakatifu wa ndoto za mchana! Mimi, niliyechapwa tangu darasa la tatu kwa kuangalia nje ya dirisha, nani mwingine angenifaa?

Padre mmoja mzee akanielekeza namna ya kusali kwa njia hiyo. Unachukua kisa cha Injili, unaingia ndani. Unaona mahali palivyo, unasikia sauti, unanusa hata samaki. Akanipa Marko sura ya nne, dhoruba ziwani, pale Yesu anapoamshwa na kuiambia bahari, "Nyamaza, utulie." Akasema niende mahali patulivu.

Mimi nikapanda matatu.

Ilikuwa Aprili, jioni, mvua inanyesha kama imetumwa. Abiria 14, vioo vimefungwa, na chini ya kiti changu mtu ameweka omena, wale dagaa wa ziwani. Niambie kama hiyo si neema. Nyuma kabisa kulikuwa na kijana amelala, kichwa juu ya begi lake. Nikafumba macho. Mara niko ziwani. Upepo huo. Mashua inayumba, na kweli inayumba, kwa sababu dereva amekwepa shimo. Mitume wanapiga kelele. Nikamwona Yesu shetrini amelala juu ya mto. Na wakati huohuo, karibu na City Stadium, tukaingia kwenye dimbwi, na wimbi la maji ya Jogoo Road likapiga kioo changu pwaa!

"BWANA, TUOKOE, TUNAANGAMIA!"

Kelele niliisikia ikitoka, na sauti niliitambua: yangu.

Kwa sekunde moja kulikuwa kimya. Kisha mama mmoja akauliza, "Ni breki?" Hilo ndilo neno lililotumaliza. Lilipofika viti vya mbele halikuwa swali tena. "Hakuna breki!" Dereva naye kusikia hivyo akazikanyaga ahakikishe. Zilikuwapo. Tukarushwa mbele sote, omena wakamwagika, mlango ukafunguliwa, na watu wakaanza kuruka ndani ya maji. Bibi mmoja alianza Salamu Maria katikati, kwenye "saa ya kufa kwetu". Jirani yangu, mwanaume wa heshima mwenye koti, akamshika mke wake mkono akalia: "Nisamehe, ile pesa ya chama niliitumia mimi!"

Konda akanikazia macho. "Wewe mzee! Nyamaza! Tulia!"

Naapa hakuwa amesoma Marko. Lakini kukatulia shwari kuu.

Waliokimbia bila kulipa walikuwa 8, na nauli ya mvua ilikuwa shilingi 80. Nilituma 640 yao kwa M-Pesa, nikaongeza na ya kwangu, nikaokota omena kwa mikono. Mwenye koti na mkewe walibaki ndani, kwa sababu mke alikataa kushuka mpaka wafike mahali pa kuongea vizuri. Nimewaona watu wakienda mahakamani wana nyuso za furaha zaidi.

Wiki iliyofuata nikamsimulia padre. Alicheka hadi akavua miwani. Alipomaliza kufuta machozi akauliza, "Na Yesu, ulipoita, alifanya nini?"

Nikamwambia ukweli: sikupata nafasi ya kumtazama. Niliyemtazama ni yule kijana wa nyuma. Watu waliruka, bibi alisali, ndoa ya mtu ilitikisika, na yeye hakugeuka hata ubavu. Alikuwa bado amelala juu ya begi lake tulipoingia Umoja.

Padre akaacha kucheka. Akakaa kimya, tena muda mrefu, mpaka nikaanza kuwaza kama nimelala tena. Kisha akasema, "Rudi kwenye kisa hichohicho. Wiki nzima."

Kwa hiyo bado nasali Marko nne, na bado napanda gari lilelile, ndilo linalopita karibu na kwangu. Juzi mawingu yalikuwa yamejaa, na konda akaniona tangu mbali, akashuka ngazi kunipokea.

"Petro! Karibu. Leo unakaa mbele na dere. Na ukiona mawimbi, mzee wangu, unianzie mimi. Kwa sauti ndogo."

Akadai nauli kabla gari halijaondoka.