Kabla hatujailaani sona, tuulizane ni sona ipi

Nikitaja neno sona, yani mtambo unaopiga sauti majini na kusikiliza mwangwi wake, mbele ya mtu wa pwani najua kitakachofuata: Nungwi. Mwishoni mwa Aprili 2006 pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa ufukweni kule kaskazini mwa Unguja, na maneno yakaanza hapohapo kwamba ni manowari za Wamarekani zimepiga sona huko nje, kwa sababu meli zao za kivita zilikuwa zinazunguka bahari hii kipindi kile. Uchunguzi ulifanyika, habari ya sumu ikawekwa pembeni, sona haikuthibitishwa, na mpaka leo hakuna jibu moja ambalo wote wanakubaliana nalo. Ila vichwani mwa watu faili lilishafungwa zamani, sona inaua pomboo, basi.

Ndiyo maana mtu akisikia kuna meli ya utafiti inapiga sauti majini ili kujua wanyama wa bahari kuu wanaishi vipi, swali lake la kwanza ni mtawaua wangapi. Swali ni halali na nitalirudia, kwa sababu yapo mambo yametokea jirani yetu kabisa ambayo hayafai kufunikwa. Ila naona upande wa watafiti haueleweki hata kidogo, na tukiendelea kutouelewa watakaoumia ni hao hao wanyama tunaodai kuwatetea.

Tuanze na vyombo vyenyewe maana hapa ndipo kila kitu kinachanganywa. Sona ya manowari inayowinda nyambizi inapiga mlio mzito, kilohezi 3 na ushee (kilohezi ni kipimo cha wembamba wa sauti, namba ikipanda mlio unazidi kuwa mwembamba), mlio unakaa sekunde moja au zaidi, halafu unatupwa kwa ulalo, yani unasambaa pembeni makumi ya kilomita, kwa sababu anayetafutwa yuko mbali. Ekosaunda ya watafiti wa samaki imefungwa kwenye tumbo la meli inaangalia chini, mlio wake ni mwembamba, kilohezi 38 ndio uliozoeleka, kuna na wa 70, 120, 200, kila mlio ni kama milisekunde moja hivi kisha kimya, mtambo unasubiri mwangwi urudi. Upana wa sauti yenyewe mara nyingi ni nyuzi 7 tu. Piga hesabu, kwenye kina cha mita 500 inamulika duara la mita 60 hivi, kama mtu aliyeelekeza tochi kisimani. Na maji yanaimeza sauti hiyo haraka, kwa kilohezi 38 unapoteza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama 10 kila kilomita ukiacha kule kusambaa kwenyewe, wakati mlio wa manowari haupotezi hata desibeli moja kwa umbali huohuo. Sisemi haina nguvu, mnyama akikaa chini ya meli katikati ya ile tochi ni kelele kweli. Nasema tu kwamba kuviita vyote viwili sona halafu ukavihukumu kwa pamoja ni sawa na kuweka honi ya treni na filimbi ya refa kwenye kesi moja.

Sasa hiyo tochi inaonyesha nini? Mara ya kwanza nilipoona ekogramu ya saa 24, yani picha inayochorwa na mwangwi wa ekosaunda, nilikaa kimya muda mrefu. Muda unakwenda kulia, kina kinashuka chini, bluu ni maji matupu na nyekundu ni mwangwi mkali. Mchana kuna mkanda mnene kwenye mita 400 au 500, umelala kama zulia, unaweza kuapa ni sakafu ya bahari ila sakafu yenyewe iko chini zaidi ya kilomita. Jua likianza kuzama zulia linanyanyuka, linapanda kama moshi wa kuni asubuhi isiyo na upepo, na ikifika saa mbili usiku liko karibu na juu limetawanyika, alfajiri linashuka tena. Wanafizikia waliokuwa wanatafuta mbinu za kugundua nyambizi karibu na San Diego mwaka 1942 ndio waliokutana na sakafu hiyo ya uongo, na mwaka 1945 mwanabiolojia wa bahari Martin Johnson akaifuatilia mchana na usiku akaonyesha inapanda na kushuka, yani ni viumbe hai. Samaki wadogo wenye vitaa mwilini, ngisi, uduvi, yavuyavu. Ni msafara mkubwa kuliko wote duniani, na unafanyika kila siku ya Mungu huku sisi tumelala.

Niliwahi kumwonyesha nahodha mmoja wa dagaa picha hiyo kwenye simu, Bagamoyo, jioni akiwa anasubiri vijana wapakie mafuta. Nilimwamkia, nikampa simu, nikadhani itabidi nieleze sana. Mzee akaisogeza mbali kidogo na macho, akapitisha kidole juu ya ule mstari unaopanda, akaniambia, "Hapa mwanangu ndipo mi nawasha taa." Halafu akaniuliza siku hiyo mwezi ulikuwaje. Alikuwa anajua jibu, alitaka kuona kama mimi najua. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi giza, mbalamwezi wanafunga nyavu wanashona, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Na ekosaunda zinaonyesha jambo la jamii hiyohiyo huko bahari kuu, usiku wa mwezi mkali lile zulia linabaki chini zaidi kuliko usiku wa giza. Yule mzee hakuona mtambo wa kufukuza samaki, aliona kitu anachokijua miaka yote kimechorwa.

Bila sauti tabia hizi huzioni. Mwanga wa jua ukipita mita 200 hivi ni hafifu mno, kamera inaona mita chache, na chombo cha kupiga mbizi chenye taa kinawatimua wenyewe. Kule Hawaii watafiti Kelly Benoit-Bird na Whitlow Au walitumia sona wakati wa usiku wakaona pomboo kati ya 16 na 28 wamejipanga wawili wawili, wanawazunguka samaki wadogo mpaka wanabanana, halafu wanaingia kula kwa zamu kutoka pande mbili. Kazi hiyo ilitoka 2009, na hakuna mtu angeiona kutoka juu ya meli. Baadaye Benoit-Bird akaweka ekosaunda kwenye roboti inayozama yenyewe mpaka ndani ya zulia, wakagundua kumbe si supu iliyochanganyika, ni makundi makundi, kila aina na wenzake, wanatembea pamoja kama wanafunzi wa shule tofauti kwenye barabara moja. Hapa kwetu Mafia ni njia tofauti kidogo lakini ni sauti hiyohiyo, papa potwe walifungwa vifaa vidogo vinavyolia na vipokezi vikategwa chini ya maji. Msimu wa kutoonekana ukifika watu walikuwa wanasema wameondoka, utafiti uliotoka 2015 ukaonyesha wengi wapo, wamesogea nje kidogo na kushuka chini, ni macho yetu tu ndiyo hayawafikii.

Kuna namba moja inaninyima usingizi. Miaka mingi ilikuwa inasemwa samaki wa kina cha mita 200 hadi 1,000 duniani kote wanafika tani bilioni 1, makadirio yaliyotokana na nyavu. Msafara wa Kihispania wa Malaspina ukazunguka bahari za dunia mwaka 2010 na 2011 ekosaunda ya kilohezi 38 ikiwa imewashwa, na mwaka 2014 Xabier Irigoien na wenzake wakasema hapana, ni bilioni 10 au zaidi. Wavu ulikuwa unadanganya kwa sababu hao samaki wakiuhisi unakuja wanakimbia. Uvuvi wote wa baharini unatoa tani kama milioni 80 kwa mwaka, kwa hiyo tunazungumzia samaki zaidi ya mara 100 ya hapo, wapo, hatujawala.

Ila subiri. Mwaka 2019 wengine wakaipitia upya wakasema jibu linaweza kuwa popote kati ya tani bilioni 1.8 na 16. Sababu ni kwamba kinachorudisha mwangwi mkali ni hewa. Samaki mwenye kibofu cha hewa anasikika sana, asiye nacho hasikiki vizuri, na kuna jamaa wa yavuyavu wenye kipovu cha gesi ambao si samaki kabisa lakini kwenye skrini wanawaka kama samaki. Hebu itazame hiyo tofauti. Kutoka 1.8 mpaka 16 ni pengo la tani bilioni 14, zaidi ya mara 150 ya kila kinachovuliwa baharini kwa mwaka, na yote hayo ni "hatuna hakika". Na wakati hatuna hakika tayari kuna nchi, Norwe ikiwemo, zimeshajaribu kuwavua samaki hao, maana wana mafuta na wanafaa kusagwa wakawa chakula cha samaki wa kufugwa. Ukigawa leseni ukiamini ni 16 kumbe ni 2, umemaliza zulia zima. Na kwenye zulia hilo ndiko wanakokula jodari na nduaro, hao hao tunaowakatia leseni za bahari kuu, na ndilo linalobeba kaboni kutoka juu kuipeleka kilindini kila alfajiri. Wengine wakiona pengo hilo wanasema mnaona, sona haijui kitu. Mi naona kinyume chake, pengo litapungua tukipima kwa milio ya aina nyingi, kwa roboti zinazokwenda karibu, pamoja na kamera na nyavu. Ukizima sauti unarudi kwenye wavu, na wavu huenda ulikosea hata mara 10.

Sasa upande wa pili, na hapa naomba watetezi wenzangu wasinikimbie.

Mei 2008 pomboo wakubwa weusi wapatao 100, wale wenye vichwa vya mviringo kama tikiti, wakazi wa maji ya kina kirefu, waliingia kwenye hori la Loza, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu kaskazini magharibi mwa Madagaska. Kule ni matope na mikoko, si mahali pao kabisa. Wasiopungua 75 walikufa. Jopo huru la wanasayansi lilipotoa ripoti 2013 halikuinyooshea kidole manowari. Lilisema kichocheo kinachowezekana zaidi ni mtambo wa kuchora sakafu ya bahari, wa kilohezi 12, kwenye meli ya upimaji iliyokuwa kazini kwa niaba ya ExxonMobil, ambayo siku moja kabla ilipita ukingoni mwa kilindi karibu kilomita 65 kutoka hapo. Kampuni haikukubali, na jopo lenyewe lilisema kuna mambo mengine yaliyochangia mpaka wakafa. Lakini huu ni mlango wa Msumbiji, bahari yetu. Na mtambo ule ni ndugu wa ekosaunda, tofauti ni kwamba unatandaza sauti kwa upana kama feni na mlio wake unakwenda mbali zaidi kuliko ule wa 38.

Na si hilo tu. Msimu wa vuli wa 2006 watafiti wa Marekani waliokuwa wanaangalia makundi ya samaki nje ya pwani ya mashariki kwa sona ya masafa marefu, yenye mlio mzito unaofika makumi ya kilomita, walikuja kuambiwa mwaka 2012 na wenzao kwamba nyangumi wa nundu waliokuwa kilomita 200 kutoka hapo walipunguza kuimba siku hizohizo. Wenye sona walipinga, wakatoa hesabu zao, ubishi haujaisha. Sona ya namna hiyohiyo ndiyo iliyoonyesha chewa wa Norwe wakila samaki wadogo zaidi ya milioni 10 ndani ya saa chache, kazi nzuri mno iliyotoka 2024, na bado nasema kwa chombo kinachosikika mbali namna hiyo mimi sina utetezi wa jumla, kila safari ijieleze.

Hata ekosaunda ya kawaida haikutoka msafi kabisa. Nyangumi wenye mdomo mrefu, wazamiaji wakubwa kuliko wote, walisikika kwa nadra sana pale meli ya utafiti ilipowasha ekosaunda ukilinganisha na ilipozima, utafiti wa 2017. Waliondoka au walinyamaza, vyovyote vile walisikia. Hao ndio walewale waliokwama Bahamas mwaka 2000 na visiwa vya Canary 2002 baada ya mazoezi ya kijeshi. Kwa upande mwingine walipofuatiliwa kusini mwa California wakati meli ikichora sakafu kwa kilohezi 12, hawakuacha kuwinda kwa namna iliyoonekana wazi. Kwa hiyo wanashtuka, si kila mara, si kila mahali, na hatari ni kubwa zaidi pale kelele inapowabana kati ya ukingo wa kilindi na nchi kavu, kama Loza.

Nikiweka vyote mezani nabaki upande wa kupima, ila kwa masharti nisiyotaka yaandikwe kwa penseli. Meli isikilize kwanza kabla ya kulia, maiki ya chini ya maji haina gharama ukilinganisha na mafuta ya meli ya siku moja. Mtambo uzimwe pale usipokusanya data, siyo kuachwa unalia njia nzima kwa mazoea. Kilohezi 12 na kushuka visipite ukingoni mwa kilindi karibu na ghuba na hori bila mtu wa kuangalia na mamlaka ya kuamuru visimame. Wavuvi waambiwe kabla meli haijafika, na ekogramu zilizopigwa kwenye maji yetu zibaki kwetu pia, zifike mpaka kwa mzee yule wa Bagamoyo. Na tunapohesabu kelele tuhesabu zote, kusini huko Lindi na Mtwara bahari imeshapigwa mizinga ya hewa iliyobanwa ya kutafutia gesi, mlipuko baada ya mlipuko, wiki nzima nzima, na hasira niliyosikia juu yake haifiki nusu ya ile ninayoisikia likitajwa neno sona.

Nungwi nayo ibaki wazi mpaka ijibiwe. Maiki chache zilizotegwa mkondo wa Pemba usiku ule wa 2006 zingetosha kutuambia kama kuna kitu kililia huko nje au la. Zitegwe sasa.