Kati ya Kuta Mbili za Gedi

Ukiingia magofu ya Gedi, mji wa kale wa Waswahili karibu na Watamu, pwani ya Kenya, njia inakupeleka moja kwa moja kwenye jumba la mfalme, msikiti mkuu na nyumba za mawe zenye majina: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Sarafu ya Kichina. Majina hayo yanatokana na vitu vilivyofukuliwa humo, hasa wakati wa mwanaakiolojia James Kirkman, aliyechimba hapo kuanzia 1948 hadi 1958. Mji ulikuwa na kuta mbili, wa ndani na wa nje. Kati ya kuta hizo leo ni msitu, na inaaminika ndimo walimoishi watu wengi zaidi, katika nyumba za udongo na makuti. Huko hakuna nyumba hata moja yenye jina.

Mwaka 2024 Gedi iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Heshima hiyo inalipa uzito swali la siku nyingi: nguvu ziende kwenye kulinda mawe yaliyosimama, au kwenye kuchimba makao ya akina yakhe? Mimi nataka makao hayo yachimbwe. Hata hivyo wanaosema yaachwe hawasemi ovyo.

Hoja yao ya kwanza unaiona kwa macho. Kuta za Gedi ni matumbawe na chokaa, mvua inazila na mizizi inapenya kwenye nyufa. Ukuta ulioanguka ukijengwa upya ni ukuta mwingine. Sakafu ya udongo iliyofukiwa, kwa upande wake, imekaa salama kwa karne kadhaa, na haidai chochote kesho. Kisha kuna msitu wenyewe. Ni miti ya asili, na wenyeji wengi bado wanapaheshimu mahali pale. Kuikata ili kutafuta alama za nguzo ni kuharibu urithi mmoja kwa jina la mwingine.

Hoja inayonisumbua zaidi ni kwamba kuchimba ni kuharibu. Nyumba ya mawe ukiichimba, kuta zinabaki. Ya udongo unaisoma mara moja tu, kwa sababu ukishafukua umeiondoa. Siku hizi wataalamu hupima kemikali za udongo wa sakafuni na kuangalia kwa hadubini mabaki madogo mno ya mimea, wajue palipopikwa na palipolazwa majani. Kirkman hakuwa na vifaa hivyo. Wajukuu wetu watakuwa na vizuri kuliko vyetu, kwa hiyo kuna busara katika kuwaachia sehemu kubwa.

Lakini fikiria nyumba ya udongo inavyokufa. Aliyekulia Pwani ameiona. Wenyewe wakihama, makuti yanaoza kwanza, maji yanaingia juu ya kiambaza, tope linashuka, fito zinabaki wazi kama mbavu, mchwa wanazimaliza. Baada ya masika machache unabaki mwinuko mdogo wenye majani. Ukifukua unakuta duara za udongo mweusi, kila moja mahali nguzo ilipoozea. Pengine kuna bonge la udongo lililoungua likabaki na alama ya fito, au kidole cha mtu aliyekandika. Palipokuwa na jiko, udongo umekuwa mwekundu kwa moto, na majivu ukiyachekecha yanatoa miba ya samaki na nafaka zilizoungua. Hapo ndipo unapojua watu walikula nini.

Na alama hizo zimewahi kugeuza historia nzima. Huko Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe, akakuta misikiti ya miti iliyotangulia, ya mwanzo kabisa ikirudi hadi karne ya 8. Kwa muda mrefu tulikuwa tumeambiwa kwamba miji yetu ililetwa na wageni ikiwa imekamilika. Matundu ya nguzo yalionyesha mji uliokua hapohapo, kutoka mti na udongo hadi jiwe. Nani angeyaona kama angeridhika na kuta?

Hata sisi tunaotetea uchimbaji tuna kosa letu: tunasema "nyumba za udongo" tukimaanisha "maskini". Unguja Ukuu, mji wa kale kisiwani Unguja, watu wa nyumba za udongo walikuwa wakitumia vyombo kutoka Ghuba ya Uajemi kabla ya nyumba za mawe kuenea Pwani. Tumbe, Pemba, ulikuwa mji wa udongo tangu karne ya 7 hadi ya 10, nao ulifanya biashara ya ng'ambo. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji kwa uzuri wake, na katika tafsiri moja mashuhuri majengo yake yote yalikuwa ya mbao. Basi yawezekana baadhi ya waliolala kati ya kuta za Gedi walikuwa mafundi au wafanyabiashara, au ndugu wa hao wenye mawe. Hatutajua kwa kukisia.

Songo Mnara, magofu mengine kusini mwa Kilwa, wachimbaji walianza kwa kupima ardhi kwa vyombo kabla ya kutia jembe, na nafasi zilizodhaniwa tupu zikaonekana kuwa na nyumba za udongo. Gedi msitu utaifanya kazi hiyo kuwa ngumu, ila si lazima panga liinuliwe. Mti mkubwa unapoangushwa na upepo, mizizi yake hung'oka na bonge la ardhi, shimo likabaki wazi. Tuanzie hapo. Lisafishwe, udongo uchekechwe, kila kigae kiandikwe kilipotoka, kisha lifukiwe, na senti za kutengenezea kuta zisiguswe. Kikipatikana kitu, hata kama ni mafiga matatu tu, mahali hapo pawekwe kibao njiani: Nyumba ya Mafiga.