Jini la Sapporo

Kuna watu wakishika hela kidogo wananunua kiwanja. Mimi nilinunua Subaru Legacy B4, namba C, cc 1,994, tabo mbili za kuisukumia injini hewa, na ekzosi iliyokuwa ikiamsha watoto wa Chumbageni nzima, hapa Tanga. Mke wangu alilizunguka mara moja, akauliza kama linakula sana mafuta. Nikamwambia halili sana. "Likiwa limezimwa" nilimalizia moyoni.

Wanaolijua gari hili wanajua mambo yake. Tabo ya kwanza inafanya kazi injini ikizunguka polepole, ya pili inaingia mshale ukipanda, na katikati hapo kuna bonde ambapo gari linashusha pumzi kabla ya kukurusha. Kwa matuta yetu na baiskeli zetu, hiyo tabo ya pili nilikuwa naisikia kwa watu tu.

Kwenye fremu ya mlango wa dereva kulikuwa na kistika cha Kijapani, vile wanavyobandika mafundi wa kwao wakishabadilisha oili. Nikakipiga picha, simu ikatafsiri: Sapporo. Nikaanza kusoma. Kumbe Sapporo ndiyo mji mkuu wa Hokkaido, kaskazini kabisa, na theluji inayodondoka pale kwa msimu mmoja inakaribia mita 5. Magari ya kule yanaandaliwa kwa kazi hiyo: betri kubwa kuliko ya kawaida, nyaya za kupasha kioo pale waipa zinapolala zisigande, na mengine yanawekewa hadi viti vya kupasha joto. Nikaelewa pia kutu iliyokuwa chini ya sakafu imetoka wapi. Barabara za kwenye theluji humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inatafuna bati. Maskini gari, limetoka kwenye chumvi ya barabarani likaja kwenye upepo wa bahari wa Raskazone. Halikupumzika.

Basi nikasema, kama wenzetu walilitumia kwa msimu wao mbaya, na mimi nitalitumia kwa msimu wetu mbaya. Kiangazi naendesha baiskeli kama Mtanga yeyote mwenye akili zake. Masika, Machi mpaka Mei, natoka na Subaru. Linavuta miguu yote minne, na tope la Mikanjuni halimuulizi mtu ametoka nchi gani.

Nililihudumia kweli kweli. Kutu nikaikwangua, chini nikapaka lami. Nikabadilisha taimingi belti, bushi na waipa. Nikaweka spesa kwenye springi likainuka vidole viwili, wakati vijana wote wa mjini wanayalaza yao chini. Matairi niliyatoa mapema, maana lilikuja na yale ya theluji. Yale mpira wake ni laini ili usikakamae kwenye baridi, sasa ukiyaleta kwenye lami yetu ya saa saba mchana yanalegea, yanalika, na ukikanyaga breki kwenye maji unasogea huku unasoma shahada. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Hicho nikakiacha, mtu huwezi kufufua wafu wote kwa mshahara mmoja.

Ikabaki kufunga taa za ukungu.

Fundi umeme wangu yuko chini ya mwembe, Makorora. Sifa yake kubwa ni kwamba hajawahi kusema hapana. Nilimkuta amelala kichwa kikiwa chini ya dashibodi, miguu nje, ndala moja imemvuka.

"Bosi, una bahati," akasema kutoka huko huko chini. "Nimepata waya mnene, una fyuzi yake, una rilei yake, na hauna kazi."

"Ulikuwa wa kazi gani?"

"Kazi ya baridi. Sasa huku baridi iko wapi? Huku barafu ni ya kwenye juisi."

Kwa hesabu alikuwa sahihi. Taa mbili za wati 55 kwenye volti 12 zinavuta kama ampea 9, na kiwaya chembamba kingeyeyuka siku ya kwanza. Akafunga swichi chini ya usukani, nikabonyeza, taa zikawaka mpaka kuku wa jirani wakaanza kurudi bandani. Nikalipa, nikatoa na ya soda.

Mwezi wa Mei mke wangu akajifungua, nikatumwa Muheza kumchukua mama yake aje kumuona mjukuu. Hapa lazima nieleze kitu. Mimi na mama mkwe wangu tunaheshimiana kupita kiasi. Tunasalimiana kila mtu akitazama upande wake. Mbele yake hata neno "kukaa" nalipima kabla ya kulitoa. Nikamfungulia mlango wa mbele, ndiyo nafasi ya mkubwa, akaingia na kapu lake la machungwa na nazi, akalipakata, akasema bismillahi, tukaondoka.

Tulipokaribia Ngomeni mvua ikashuka. Mvua ile ya Mei, isiyokuwa na matone, ni maji tu yanamwagwa. Nikafunga vioo, nikabonyeza swichi yangu mpya. Mbele kukang'aa. Nikajisikia raha, hela yangu naiona inavyofanya kazi.

"Baba," mama mkwe akaita.

"Naam, mama."

"Humu ndani kuna joto."

"Ni mvuke, mama. Nimefunga vioo, mvua itaingia."

"Si joto la vioo."

"La nini, mama?"

Kimya. Akageuka kutazama mashamba ya mkonge. Baada ya muda nikaona kwa pembe ya jicho anaegemea upande wa kulia. Kisha wa kushoto. Kisha akatoa kanga moja kiunoni, akaikunja mara nne, akaipenyeza chini yake taratibu, macho mbele, kapu halijatikisika. Midomo ikaanza kucheza: Ayatul Kursi.

Alipomaliza, mvua ikapungua. Nikazima taa.

Haukupita muda mrefu, akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Limeondoka."

"Nini, mama?"

"Endesha, baba."

Tukaenda. Mbele kidogo wingu jingine likatupokea, nikawasha.

"Limerudi!" Sasa sauti ilikuwa juu. Akaanza dua upya, kwa kasi. Mvua nayo ikalegea, nikazima. Limeondoka. Mvua ikakaza, nikawasha. Limerudi. Nawaambieni, ushahidi ule hata ningekuwa mimi kadhi ningeupokea. Anasoma, linakimbia. Ananyamaza, linamrudia.

Mimi nilikuwa najua moja tu: mama mkwe ana homa, na homa imeanza kumpeleka kwingine. Kumshika paji la uso siwezi, haijatokea tangu dunia iumbwe. Nikajaribu kwa adabu.

"Mama, tukifika mjini tupitie Bombo hospitali?"

"Bombo watanitazama wapi mimi?" akasema, halafu akaona swali lenyewe linaelekea pabaya, akalikata. Baadaye akaja na jingine. "Hili gari ulilinunua kwa nani?"

"Dar, mama. Ila limetoka Japani."

"Aliyekuwa nalo huko yuko hai?"

"Sijui, mama."

"Ndo ujue," akasema. Kisha, "Baba, simamisha."

Tulikuwa tumeingia Pongwe. Nikasimama mbele ya kibanda cha kahawa. Mama mkwe akashuka kwenye mvua ile ile, kapu mkononi, na badala ya kukimbilia kibandani akasimama wima barabarani. Nikashangaa kuona anatafuta mvua inapotokea, anageuka, anaipa mgongo. Akakaa hivyo, amefumba macho, uso umejaa shukrani.

Wazee wa kahawa wakatoka. Kuna mahali popote duniani mama mtu mzima akisimama kwenye mvua kwa hiari watu wasitoke? Mmoja mwenye kofia ya kufuma akamuuliza kulikoni.

"Humo garini kuna kitu."

"Kinakukamata wapi?"

"Kinaanzia kiunoni," mama mkwe akasema, "halafu kinashuka."

Mzee akaangalia pembeni haraka. Wote tukaangalia pembeni.

Baraza likakaa pale pale. Mmoja akasema Japani hawana majini. Akajibiwa: watu waliotengeneza redio zote hizi hawana majini? Mwingine akataka kujua kama gari lilipita baharini, akaambiwa ndiyo, lilikuja kwa meli, akatikisa kichwa kama mtu ambaye hana zaidi ya kuuliza. Ikakubaliwa ifanyike majaribio. Mzee wa kofia akaingia, akakaa kiti kile, akasoma, akasubiri. Kimya. Injini nilikuwa nimeizima, na taa pia. Akaingia wa pili. Kimya vilevile.

"Halitaki wanaume," wakahitimisha. Mama mkwe akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake macho yetu yakakutana. Sikupenda nilichokiona.

Akatokea kijana wa bodaboda, ameloa mpaka mfukoni. Akaomba akae humo ajikinge na mvua, majini watajuana wenyewe. Nikawasha gari nilisogeze, maana malori ya saruji yalikuwa yanapita karibu na giza lilikuwa limeshuka, na ili wenye malori watuone nikawasha zile taa. Nikawa nabishana na wazee kupitia dirishani. Kuja kugeuka, kijana anatoa moshi.

Si moshi, ni mvuke. Suruali ya jinzi iliyoloa ilikuwa inakauka mbele ya macho yangu, wingu linampanda kifuani, linagonga paa. Mwenyewe ametulia, nadhani baridi ilikuwa imempiga sana, anaona raha. Kisha raha ikapitiliza.

"Bosi! Bosi, hii siti inachemka!"

Kibanda kikabaki na mwenye birika peke yake. Mzee wa kofia, ambaye alikuja kwa fimbo, aliondoka bila fimbo. Lakini yule kijana hakukimbia. Alinyanyuka nusu, akashika dashibodi, akaweka mkono kwenye kiti.

"Zima taa, bosi." Nikazima. Akasubiri kidogo. "Washa." Nikawasha. Akasubiri. "Zima." Akacheka mpaka akakohoa. "Bosi, hii siyo siti. Hii ni pasi."

Nikampigia fundi pale pale.

"Ehe, taa zinawaka?" akauliza.

"Zinawaka. Na mama mkwe wangu naye anawaka."

Kimya kidogo. "Alikaa mbele?"

"Ulitaka akae wapi?"

"Ungeniambia mapema kama una abiria." Akanieleza kwa upole, kama nesi anayemweleza mgonjwa. Ule waya mnene ulikuwa wa hita ya kiti. Taa aliziunga humo humo, na hita hakuitoa, kwa nini aitoe, kitu cha watu hicho. Ila kulikuwa na kidude kinachokata umeme kiti kikipata joto la kutosha, na hicho kilikuwa kinazisumbua taa, zinazima zenyewe, basi akakiruka.

Nikarudi kwa mama mkwe, nikamweleza habari za waya, fyuzi na Sapporo, huku nikikwepa kutaja ni kiungo gani kilichohusika. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, baba," akasema, akafungua mlango wa nyuma, akaingia na kapu lake. Kutoka Pongwe mpaka nyumbani hakusema tena, ila nilisikia dua.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Mama mkwe ana kiuno. Kinamsumbua miaka, amekunywa mizizi, amepakwa mafuta ya kila rangi, kuinuka ni mpaka ashikwe mkono. Asubuhi yake nilishtuliwa na sauti ya fagio. Natoka, namkuta amefagia uwanja mzima, ameinama, hana habari na mtu. Jambo lenyewe asingeweza kuniambia mimi, akamtuma binti yake. Mke wangu aliingia chumbani amejiziba mdomo na kanga, machozi yanamtoka.

"Mama anasema zile nyaya usizitoe."

Fundi alirudisha kile kidude cha kukata joto, nikasimama juu yake mpaka akamaliza. Taa nikataka azitenge na kiti, akasema ataipangia siku. Mama mkwe hajui hita wala hataki kuijua. Kwake yeye dawa iko kwenye taa. Kila akija mjini anakaa mbele, anakunja kanga, anatazama mkonge, anasema, "Baba, zile taa." Nawasha. Jua liwe la utosi, vumbi liwe limetanda, nawasha, na mimi bila kiyoyozi nalowa jasho mpaka soksi.

Juzi trafiki akatusimamisha Kange. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kusingizia. Akainama dirishani.

"Shikamoo mama. Kaka, taa za ukungu saa saba mchana, unatafuta nini?"

Nikafungua mdomo. Nikamwangalia mama mkwe, mama mkwe akaangalia dirisha la upande wake. Nikaufunga.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia askari, bila kugeuka, "mvua inakuja."

Afande akanyoosha shingo, akatazama mashariki, akatazama magharibi. "Mvua ipi, mama?"

"Inakuja."

Sauti ile hujibizani nayo. Afande akaturudishia leseni, akatupisha. Nilipoingiza gia mama mkwe akajiweka sawa.

"Baba, hukuzizima?"

"Hapana, mama."

"Haya, twende. Taratibu."