Nimekuwa Boi wa Samaki

Jamani mimi nilichotaka ni kitu kidogo tu. Nirudi kazini nimechoka, nijitupe kwenye kochi, niangalie samaki wanavyozunguka taratibu, presha ishuke, basi. Niliambiwa kuangalia samaki kunatuliza akili, na akili yangu wakati ule kweli ilikuwa inadai kutulizwa. Sasa huu ni mwaka wa pili na hilo kochi silijui vizuri, maana kila nikikaa nasikia filta imebadilisha mlio, naruka.

Nilianza na bakuli la kioo la duara na samaki dhahabu mmoja. Muuzaji akaniambia huyu hana shida kabisa, huyu ni wa kuanzia. Asichoniambia ni kwamba huyo wa kuanzia anaweza kufika sentimita 20 na zaidi na kuishi miaka 10 na ushee, yaani nilikuwa nimefuga ndama kwenye beseni. Na halafu huyu kiumbe hana mfuko wa chakula, nasema kweli, akila kinapita moja kwa moja kwenye utumbo, kwa hiyo kazi zake ni mbili tu, kuomba na kuchafua. Siku ya 4 maji yamekuwa meupe kama yametiwa maziwa. Siku ya 6 kalala ubavu. Nikaenda kumzika nyuma ya nyumba, watoto wanalia nyuma yangu, mimi nimeshika koleo najisikia kama mshtakiwa.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaenda kununua tangi la lita 60 na filta na hita na taa.

Na hapo ndo nikagundua kwamba dogo si rahisi, tangi dogo ndo gumu, maana maji machache yanaharibika upesi na joto lake linapanda na kushuka kama bei za vitu. Lakini na hilo la lita 60 nalo ni kilo 60 za maji, bado kioo, bado mawe, bado mchanga. Nililiweka juu ya meza ya tivii. Meza ikatoa sauti. Mke wangu akaniangalia, mimi nikaangalia pembeni, usiku ule tukahamisha tivii chini, na mpaka leo tunaangalia taarifa ya habari kwa kuinama.

Sasa nikadhani naweka maji naweka samaki. Wapi! Kuna kitu kinaitwa kusubiri bakteria. Iko hivi, samaki anatoa amonia, na chakula kinachobaki kikioza nacho kinatoa amonia, na amonia ni sumu. Wanatokea bakteria wanaila hiyo amonia wanaigeuza nitriti, ambayo nayo, ukishafurahi, ni sumu vilevile. Wanakuja bakteria wengine wanakula nitriti wanatoa nitrati, hiyo kidogo ina afadhali, ila ikijaa nayo inabidi itolewe. Kwa hiyo ni mlolongo, kila mmoja anakula uchafu wa aliyemtangulia, na mwisho kabisa wa foleni nimesimama mimi na ndoo.

Hao bakteria kuwapata inachukua wiki 4 mpaka 6. Wiki 6! Tangi limejaa maji, taa inawaka, filta inanguruma, mawe yamepangwa vizuri, samaki hata mmoja hakuna. Mgeni akija anainama anachungulia, anazunguka upande wa pili anachungulia tena, halafu anauliza kwa heshima, "Samaki wako wapi?" Namwambia bado nafuga bakteria. Shemeji yangu alikaa kimya muda mrefu sana, halafu akamfuata dada yake jikoni, nikasikia wananong'ona.

Na samaki walipokuja maswali hayakuisha, yalibadilika. Kila anayeingia humu ndani swali ni hilohilo moja, hawa wanaliwa? Samaki ana urefu wa kidole changu cha mwisho! Umle na nini, na kibano?

Haya, maji. Maji ya bomba yana dawa, na dawa inaua samaki na inaua wale bakteria niliowasubiri wiki 6 kama nasubiri mkopo. Klorini ya kawaida ukiacha maji kwenye ndoo siku nzima inaondoka yenyewe, ila kama waliyoweka ni kloramini hiyo haiendi popote, unatafuta dawa ya kuua dawa. Kwa hiyo ndoo za nyumba hii sasa zimeandikwa SAMAKI, zote, mimi naoga kwa jagi. Kila wiki natoa kama robo ya maji naweka mengine, na mengine hayo yawe na joto sawa na ya mle ndani, nayapima, natia mkono, naongeza ya moto kidogo, natia mkono tena. Watoto wangu mwenyewe sikuwahi kuwapimia maji ya kuoga hivi. Kuyatoa ni kwa mpira, unavuta kwa mdomo kidogo maji yanashuka yenyewe. Siku ya kwanza nilivuta zaidi ya kidogo. Sitaki kuliongelea.

Halafu nikafanya kosa ambalo likinijia kichwani nikiwa barabarani nasimama. Filta ilikuwa chafu, sponji nyeusi tii, nikasema leo nafanya usafi wa kiume, nikaipeleka bombani nikaisugua mpaka ikang'aa. Kumbe ule uchafu ndo bakteria wenyewe! Walikuwa wanaishi mle! Sponji inakamuliwa kwenye ndoo ya maji yaleyale ya tangi, taratibu, inarudi ikiwa bado chafuchafu. Nilifuta kijiji kizima kwa dakika 5 huku napiga mluzi. Wiki ile walikufa wawili na maji yakarudi kuwa maziwa.

Nikanunua gapi, visamaki vidogo vya mapambo, kwa makusudi kabisa majike matupu, 3, maana sikutaka kuzaana, sina nafasi. Baada ya wiki kadhaa nawasha taa asubuhi naona vitu vinatembea kama koma. Watoto! Gapi hatagi, anazaa vitoto vinavyoogelea palepale. Nikaanza upelelezi wa nyumba nzima, nani kaingiza dume humu, watoto wakaapa, mke wangu akaniuliza kama nina homa. Kumbe jike la gapi likishakutana na dume mara moja linatunza mbegu ndani miezi kadhaa, linazaa tena na tena, dume mwenyewe kabaki dukani hana habari. Na ukisikitika kwamba watoto wamekuwa wengi usijali, mama yao anakuja mwenyewe anawala. Mbele ya watoto wangu. Wakati wa chai.

Mimea nayo nilinunua ili inyonye hizo nitrati, ikaja na konokono mmoja. Nikasema mmoja ana shida gani. Wengi wa hawa wadogo kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja jamani, hahitaji mtu. Sasa hivi wanatosha kupiga kura.

Anayenielewa ni beta peke yake, yule samaki mgomvi, ana tangi lake dogo lenye hita yake, maana akiona dume mwenzake ni vita, hata ukimwekea kioo anatunisha mapezi anajipigania mwenyewe. Anapanda juu anavuta hewa kama binadamu, anashuka, ananitazama. Anaishi peke yake kama mzee aliyegombana na ukoo mzima. Nikikosana na watu humu ndani nakwenda kukaa naye.

Na kulisha, kila mtu analisha. Mimi nikitoka asubuhi nawapa kidogo, mke wangu akipita anawahurumia, mtoto mkubwa anawapa, mdogo anamwaga kopo. Wenyewe wanakuja kwenye kioo wanafungua midomo kama hawajala tangu wazaliwe. Na wale wanaosema samaki anasahau baada ya sekunde 3 waje wawaone hawa, wanajua kopo, wanajua mlango, mke wangu anasema hata mwendo wangu wanaujua.

Juzi umeme ukakatika usiku. Filta kimya, pampu ya hewa kimya. Nikaamka bila mtu kuniamsha, nikavuta stuli, nikachukua kikombe, nikawa nachota maji namwaga kwa juu, nachota namwaga, ili hewa iingie. Saa nane usiku, kaptula na fulana, jasho linanitoka. Mara tochi ikanimulika usoni.

"Baba watoto, unafanya nini?"

"Nawapa hewa."

Akasimama pale kama dakika nzima, ananiangalia mimi, anaangalia kikombe.

"Miaka 11 ya ndoa, na joto lote hili, mimi hujawahi hata kunipepea."

Nikatafuta jibu, sikulipata. Nikaendelea kuchota.